Maswali yenu kwa mfamasia: eti dawa ya kolesteroli inaleta kisukari?

Mwezi huu meseji zenu karibu zote ni za jambo moja, na najua zimetoka wapi, ni ile klipu inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, jamaa kavaa koti jeupe anasema dawa za kolesteroli zimetengenezwa ili watu wapate kisukari halafu wauziwe dawa za kisukari. Mwishoni anauza unga wake. Kilichonisumbua ni kwamba ndani ya ule uongo kuna punje ya ukweli, na ndo maana umeshika kasi hivo, sasa wengine mmeacha dawa na wengine mnameza kwa wasiwasi kila siku. Leo sijibu la vidonda vya tumbo wala la vitamini, hayo yasubiri toleo lijalo, leo ni hili tu.

Shikamoo dokta. Mume wangu ana miaka 57, dereva wa lori. Mwaka jana mwezi wa tatu walimkuta na presha na kolesteroli iko juu, LDL (ile kolesteroli mbaya) 4.6, wakampa atovastatini miligramu 40 kila siku na vidonge viwili vya presha. Juzi sukari ya asubuhi kabla hajala chochote ilikuja 7.2, wiki iliyofuata wakarudia ikaja 7.3, wakasema ni kisukari. Sasa kaangalia hiyo video, kazitupa dawa zote za kolesteroli, ananiambia nyie mnataka kuniua. Karatasi zake zote nimezipiga picha nakutumia. Je ni kweli dawa ndo imemletea? Mama Wawili, Tanga

Marahaba mama, japo mi ni mfamasia tu si dokta, na pole sana, najua kubishana na mtu aliyeangalia video ni kazi.

Tuanze na ukweli wenyewe. Ndiyo, hizi dawa, jina la ukoo wao ni statini (atovastatini, rosuvastatini, simvastatini na wenzake), zinaweza kuchangia mtu kupata kisukari cha aina ya pili. Hii si siri na wala haijagunduliwa na huyo jamaa wa klipu. Mwaka 2008 ulitoka utafiti mkubwa unaitwa JUPITER, watu 17,802, nusu wakapewa rosuvastatini miligramu 20 na nusu kidonge kisicho na dawa ndani, na waliopata kisukari upande wa dawa walikuwa 270, upande wa pili 216. Watu wakashtuka. Mwaka 2010 wakakusanya tafiti 13 zenye watu elfu 91 na kitu wakakuta uwezekano wa kupata kisukari unapanda kwa asilimia 9 ukiwa kwenye statini. Februari 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikaagiza iandikwe kwenye maelezo ya dawa kwamba zinaweza kupandisha sukari. Kwa hiyo ukifungua ile karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi utaikuta hiyo habari imeandikwa, nani anaficha kitu halafu anakichapisha ndani ya boksi?

Ila asilimia 9 ya nini, hapo ndo watu wanapopotezwa. Hesabu ya hao wa 2010 ilikuwa hivi: uwape statini watu 255 kwa miaka 4, ndipo unapata mgonjwa mmoja wa kisukari ambaye asingekuwepo. Mmoja. Na katika watu haohao 255 kwa miaka hiyohiyo unazuia matukio zaidi ya 5 ya moyo, yaani watu kufa kwa moyo au kupata shambulio la moyo. Hata ule JUPITER wenyewe uliozua kelele, ukiacha kisukari ukaangalia moyo na stroku na mishipa, waliopatwa upande wa kidonge kisicho na dawa ni 251 na upande wa dawa 142. Kwenye klipu sijasikia hizo namba zikitajwa.

Mwaka 2024 wakatoa uchambuzi mwingine mkubwa zaidi, ukisimamiwa na watu wa Oxford na Sydney, na huu naupenda kwa sababu umetenganisha dozi. Kwenye dozi ndogo na za kati, waliopata kisukari kwa mwaka ni asilimia 1.3, wasiotumia ni asilimia 1.2, kwa hiyo tofauti ipo ila ni ndogo. Kwenye dozi kubwa ilikuwa asilimia 4.8 kwa waliomeza na 3.5 kwa wasiomeza, hiyo si ndogo na wala sitakudanganya kwamba ni ndogo. Dozi kubwa maana yake atovastatini 40 au 80, rosuvastatini 20 au 40. Mzee wako yuko kwenye 40, kwa hiyo swali lako ni la haki kabisa.

Sasa twende kwenye karatasi zake maana jibu lako limo humo. Ile ya mwezi wa tatu mwaka jana, wote mliangalia juu pale LDL ilipozungushiwa kalamu nyekundu. Shuka chini, mstari wa tatu kutoka mwisho, kuna FBG, hiyo ndo sukari ya asubuhi kabla ya kula, imeandikwa 6.5. Tarehe ni ileile aliyoandikiwa dawa, yaani siku hiyo alikuwa hajameza hata kidonge kimoja. Shirika la Afya Duniani linasema kuanzia 6.1 mpaka 6.9 sukari imeshaacha njia, na kuanzia 7.0 ni kisukari. Baba alikuwa kashafika mlangoni mama, amesimama kwenye kizingiti, na dawa kama imefanya kitu basi imempa kikumbo kidogo akaingia ndani. Haikumtoa nyumbani kwake ikamleta.

Na ndivyo inavyokuwa kwa wengi. Huo uchambuzi wa 2024 ulikuta kwamba kwenye dozi ndogo na za kati, kama 6 kati ya 10 ya wagonjwa wa ziada walitoka kwenye ile robo ya watu ambao sukari yao ilikuwa juu kuliko wenzao toka kabla ya kuanza dawa. Na waliorudi kuchambua JUPITER mwaka 2012 wakakuta mtu asiye na dalili yoyote ya kuelekea kisukari, hana kitambi, sukari yake iko chini, dawa haikumwongezea hatari ya kisukari, wakati wenye dalili ndo waliongezeka. Halafu kuna kitu hapo nilikisoma nikakirudia, kwa wale waliopata kisukari, dawa ilikuwa imeiwahisha tarehe ya kugundulika kwa wiki 5 hivi. Ni wiki, si miaka.

Inafanyaje kazi mpaka sukari iguswe? Statini inakwenda kwenye ini inaziba kimeng'enya kinachotengeneza kolesteroli, ini likikosa linaanza kuivuta ile LDL kutoka kwenye damu, ndo maana namba inashuka. Tatizo ni kwamba njia hiyohiyo inaonekana kugusa kidogo mambo ya uzito na insulini. Mwaka 2015 walichunguza watu waliozaliwa na vinasaba vinavyofanya hicho kimeng'enya kifanye kazi kidogo, yaani kama vile wamezaliwa wamemeza ka-statini kadogo, wakakuta uzito wao uko juu kidogo na kisukari nacho kidogo zaidi ya wenzao. Kwa hiyo inaelekea si uchafu wala sumu ndani ya kidonge, ni gharama inayotoka kwenye kazi ileile inayookoa mishipa.

Kitu kingine nilichokiona kwenye picha zako ambacho hukukiuliza. Kimoja kati ya vile vidonge vya presha ni haidroklorothiazaidi, kile kinachofanya mtu akojoe sana, nacho kinaweza kusukuma sukari juu, hasa dozi ikiwa kubwa. Kuna na nyingine, vidonge vya steroidi kama prednisoloni, hizo ndo zinapandisha sukari kwelikweli, statini haioni ndani. Muulize kama kule njiani kuna mtu anamuuzia dawa ya mgongo au ya magoti ya kupima kwenye chupa, maana madereva wanazo hizo, na nchi mbalimbali zimeshakuta dawa zinazoitwa za asili za maungo zimechanganywa steroidi humohumo. Halafu kazi yenyewe mama, mtu anakaa kwenye kiti siku nzima, anashuka pale stendi anakula chipsi mayai na soda ya baridi saa tano usiku, analala masaa manne. Simlaumu, nani atamuwekea mboga za majani pale mizani? Lakini ukitafuta nani kaileta sukari usimuache huyu shahidi nje ya kesi.

Sasa afanye nini. Kwanza kuzitupa zile dawa hakutaondoa kisukari, kisukari kimeshaonekana mara mbili na sasa LDL yake inarudi kule ilikokuwa, kwa hiyo atabaki na vyote viwili pamoja na presha juu, na huyo ndo mtu anayeanguka stroku barabarani. Pili arudi kliniki wiki hii, asisubiri tarehe ya kadi, aende na karatasi zote mbili na paketi zote za dawa hata zile tupu. Aombe kipimo cha HbA1c, kile cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, na LDL mpya. Halafu aulize kwa mdomo wake, si kupitia wewe, "je naweza kushushiwa atovastatini iwe 20?" Inawezekana ikatosha, inawezekana isitoshe, inategemea LDL imeshuka mpaka wapi na moyo wake una hatari kiasi gani, hilo ataamua dokta. Kuna na kidonge kinaitwa ezetimaibu ambacho kinazuia kolesteroli isinyonywe tumboni, hakijaonekana kupandisha sukari, wengine wanakichanganya na statini ya dozi ndogo. Bei yake huku kwetu ni mtihani lakini kiulizwe. Na hicho kidonge cha kukojoa nacho kipo cha kubadilisha.

Na akikubali kurudi kwenye dawa, usimwambie "nilikwambia". Mwache tu ameze.

Assalam alaikum ndugu yangu. Mie mtu wa Unguja lakini nipo Muscat miaka mingi, nna kisukari mwaka wa tisa huu natumia metformini. LDL yangu si mbaya sana lakini daktari kaniongeza rosuvastatini miligramu 10 kasema ni kwa sababu ya kisukari. Nimefungua karatasi ya dawa nimekuta inasema inapandisha sukari. Sasa huyu ananitibu ama ananikoroga? Babu Said

Waalaikum salaam mzee wangu, shikamoo. Anakutibu, na nafurahi umeisoma ile karatasi maana wengi wanaitupa na boksi.

Watu wengi wenye kisukari hawaangushwi na sukari yenyewe, wanaangushwa na moyo na stroku, kisukari kinakula mishipa ya damu taratibu hata kama LDL kwenye karatasi inaonekana ya kawaida. Ndo maana hapa dokta haangalii namba ya LDL peke yake, anamuangalia mzee mzima, umri, miaka ya kisukari, presha, figo. Ulifanyika utafiti Uingereza na Ireland, CARDS, watu 2,838 wote wana kisukari, hawajawahi kuugua moyo, na LDL zao hazikuwa za kutisha, kama wewe tu. Wakapewa atovastatini miligramu 10 au kidonge kisicho na dawa. Matokeo yalitoka 2004, na waliusimamisha utafiti karibu miaka miwili kabla ya muda kwa sababu tofauti ilishaonekana wazi: matukio makubwa ya moyo na mishipa yalipungua kwa asilimia 37, stroku karibu nusu.

Sukari yako inaweza kupanda? Kidogo, ndiyo, ile HbA1c inaweza kusogea videsimali, mara nyingi hata hutaweza kuitofautisha na wiki ya sikukuu umekula halua na tende. Ikipanda wanarekebisha metformini. Mshipa wa ubongo ukiziba hakuna wa kuurekebisha hivo. Meza mzee, ila mwambie daktari akupimie HbA1c baada ya miezi mitatu ili wasiwasi ukutoke kwa namba.

Habari za kazi. Niko Kampala, natumia ARV toka 2011, virusi havionekani namshukuru Mungu. Kliniki wameanza kutuambia habari za kolesteroli na statini, na mimi mama yangu alikuwa na kisukari. Nikimeza si nitaongeza ugonjwa juu ya ugonjwa? Asiyependa jina

Swali lako limejibiwa na utafiti ambao Uganda yenyewe ilishiriki, unaitwa REPRIEVE, ulitoka 2023, watu 7,769 wanaoishi na VVU kutoka nchi 12. Walipewa pitavastatini miligramu 4 au kidonge kisicho na dawa. Matukio makubwa ya moyo yalipungua kwa asilimia 35. Kisukari kipya kilikuwa asilimia 5.3 kwa waliomeza dawa na 4.0 kwa wasiomeza. Kwa hiyo umeona vyote viwili viko hapo, faida na gharama, na waliokaa wakapima waliona faida imezidi kwa watu wa kuanzia miaka 40, ambao ndo hasa walikuwa kwenye utafiti.

Wewe una historia ya mama, kwa hiyo usikatae na usikubali kabla ya kupimwa sukari kwanza, iandikwe tarehe, halafu uanze, halafu irudiwe baada ya miezi michache. Bila namba ya kabla, hakuna atakayejua nani kafanya nini.

La muhimu zaidi kwako kuliko hata kisukari ni kwamba statini hazifanani mbele ya ARV. Kama kwenye dawa zako kuna ritonavir, zile za mstari wa pili, simvastatini ni marufuku kabisa, inajaa kwenye damu mpaka misuli inayeyuka na figo zinaumia. Na atovastatini inapewa kwa dozi ndogo. Kama uko kwenye dolutegravir hapo hamna ugomvi mkubwa na statini, ila siku ukiandikiwa metformini wakumbushe unatumia dolutegravir, kwa sababu inaipandisha metformini mwilini na dozi inatakiwa isizidi gramu 1 kwa siku. Kwa hiyo popote unaponunua dawa, hata kama hutaki kusema mbele za watu, omba kuongea na mfamasia pembeni. Hiyo ni haki yako na sisi tumezoea.

Mambo vipi mtaalamu, nipo Mombasa. Mi niliacha hizo kemikali zenu. Asubuhi nachemsha kitunguu saumu, tangawizi na ndimu, halafu kuna rafiki ananiuzia vidonge vya mchele mwekundu wa Wachina, asili kabisa. LDL imetoka 4.4 hadi 3.1 na sina hofu ya kisukari. Nyie mnasemaje? Kaka Bakari

Poa kaka. Nasema hongera kwa LDL, na nasema unameza statini.

Usicheke, niko siriasi. Ule mchele mwekundu wanauchachusha na aina ya kuvu, na kuvu hiyo inatengeneza kitu kinaitwa monakolini K. Monakolini K na lovastatini ni kitu kimoja, molekuli ileile, na lovastatini ndo statini ya kwanza kuruhusiwa Marekani, mwaka 1987. Hata hizi "kemikali zetu" chimbuko lake ni ukungu, Mjapani anaitwa Akira Endo miaka ya 1970 alichambua maelfu ya aina za kuvu mpaka akaipata statini ya kwanza kwenye ukungu wa rangi ya samawati jamaa wa ule unaoota kwenye nafaka na machungwa. Kwa hiyo asili unayoisema na kemikali unayoikimbia zimetoka jiko moja.

Tofauti ni kwamba mi nikikuuzia kidonge cha miligramu 20 ndani kuna 20, hicho cha rafiki yako siku nyingine kinaweza kuwa na nyingi, siku nyingine karibu hamna kitu, na mingine imekutwa na sumu ya ukungu inayoitwa sitrinini inayoumiza figo. Lile tishio la sukari linalokutisha nalo limo humohumo, pamoja na lile la misuli. Kitunguu saumu chako endelea nacho, kinashusha kolesteroli kidogo sana lakini hakina ubaya, ladha tu, ila kama unatumia dawa za kuyeyusha damu mwambie dokta. Kilichoshusha namba yako naweka dau si ndimu. Sasa nenda kapime ini, figo na sukari kama mtu yeyote anayetumia statini, na kama unaihitaji kweli uandikiwe ile inayojulikana dozi.

Hi, mimi ni dada wa miaka 33 Dodoma. Kwenye maonyesho walipima bure wakanikuta kolesteroli jumla 5.6. Nikaenda duka la dawa nikanunua atovastatini vidonge kumi, nameza siku naposikia moyo unadunda. Sukari yangu nzuri 4.9. Tunatafuta mtoto wa pili. Itanipa kisukari?

Dada yangu, kwa sukari ya 4.9 kisukari ndo kitu cha mwisho cha kukuogopesha hapo. Cha kwanza ni huyo mtoto. Acha hiyo dawa leo, mwanamke anayetafuta ujauzito kwa kawaida hapewi statini, labda awe na ugonjwa mzito wa moyo au kolesteroli ya kurithi, na hapo ni daktari wake anayeamua, si kaunta ya duka. Cha pili, statini si panado ya moyo unaodunda, haimezwi ukijisikia, ukimeza kidonge kimoja wiki hii na kimoja wiki ijayo hupati faida yake. Moyo kudunda una sababu zake, upungufu wa damu, tezi ya shingo, mawazo, kahawa, uende upimwe hivo.

Na namba 5.6 ya jumla peke yake haisemi kitu, humo kuna kolesteroli nzuri na mbaya zimejumlishwa pamoja. Omba wakutenganishie, na umwambie dokta kama kuna mtu kwenu alipata shambulio la moyo akiwa kijana. Kama hamna, kwa umri wako uwezekano mkubwa utaambiwa habari za chakula na kutembea uende zako. Aliyekuuzia vidonge kumi bila kukuuliza hata swali moja, huyo tutakuja kumuongelea siku nyingine maana nikianza sasa sitamaliza.

Mtaalamu, misuli ya mapaja inaniuma toka nimeanza simvastatini, na jirani kaniambia hiyo ndo dalili ya kisukari kuingia. Kweli?

Hapana, hivyo ni vitu viwili tofauti. Kisukari kikiingia dalili zake ni kiu, kukojoa sana usiku, kuchoka, kupungua uzito, na mara nyingi hamna dalili kabisa ndo maana tunapima. Misuli kuuma ni lalamiko la statini linalojulikana, ingawa kwa wengi wanaolalamika chanzo siyo kidonge. Kuna watu 60 Uingereza walioacha statini kwa sababu ya maumivu, wakapewa kwa zamu miezi ya dawa, miezi ya kidonge kisicho na dawa, na miezi ya bila kitu, bila kujua kidonge kipi ni kipi, na sehemu kubwa ya maumivu, kama asilimia 90, ilitokea hata walipomeza kidonge kitupu. Maumivu yalikuwa ya kweli, ila hayakutoka kwenye dawa. Hilo halimaanishi upuuze. Kama mapaja yote mawili yamelegea, hupandi ngazi, au mkojo umekuwa rangi ya koka, acha dawa siku hiyohiyo na uende hospitali. Kama ni maumivu ya kawaida mwambie aliyekuandikia, atakupima CK, kipimo cha damu kinachoonyesha kama misuli inaumia, na pengine atakubadilishia.

Nimeze asubuhi au usiku? Na nikisahau? Mzee wa Morogoro

Shikamoo mzee. Simvastatini usiku, maana inaisha mwilini haraka na ini linatengeneza kolesteroli zaidi usiku. Atovastatini na rosuvastatini saa yoyote, chagua ile usiyosahau, weka karibu na mswaki. Usile mabalungi au kunywa juisi yake ukiwa kwenye simvastatini, na kwenye atovastatini usiyaendekeze, yanaipandisha dawa kwenye damu. Machungwa ya kawaida hayana shida, endelea na yako ya Muheza. Ukisahau leo, kesho unameza moja kama kawaida, humezi mbili.